Malengo ya mwaka mpya: wasomaji wanauliza, tunajibu

Barua nyingi zilizotufikia tangu katikati ya Desemba zinahusu jambo moja, nalo ni namna ya kupanga mwaka ili mipango isife kabla ya Pasaka. Tumechagua tatu, kwa sababu kila moja inagusa upande tofauti wa suala hili.

Malengo saba, mshahara mmoja

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Rungwe. Nina miaka 36, nimeolewa, nina watoto wawili, na wa kwanza anaingia kidato cha kwanza Januari hii. Kila mwisho wa mwaka huandika malengo kwenye daftari. Safari hii nimeandika kumalizia nyumba yetu iliyoishia kwenye msingi, kuanza shahada, kupanda parachichi, kununua pikipiki ya biashara, kuweka akiba ya shilingi 150,000 kila mwezi, kumaliza mkopo na kupunguza uzito. Baada ya makato ninabaki na shilingi 520,000. Mume wangu ni mkulima, kipato chake huja wakati wa mavuno. Ukifika mwezi wa tatu huwa nimekwisha kuyaacha yote. Ninakosea wapi? – Mwalimu, Tukuyu.

JIBU: Mwalimu, ninakupongeza kwanza kwa kuandika, kwa kuwa wengi hubaki na malengo ya mdomoni. Nimesoma barua yako zaidi ya mara moja na sioni uvivu ndani yake. Ninachokiona ni malengo saba yanayogombea fedha ileile katika mwezi mgumu kuliko yote, na mwezi huo ndio unaoupa kazi ya kuyazindua.

Nyanda za Juu Kusini tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Maana yake ni kwamba inapofika Januari, fedha za mkulima zimelala ardhini: mbegu na mbolea ya kupandia zimeshanunuliwa, mbolea ya kukuzia inasubiriwa, na gunia la mwisho la mahindi ya mwaka jana pengine limeshauzwa. Hapohapo shule zinafunguliwa, na ingawa ada ya sekondari za serikali imefutwa, sare, viatu, madaftari na mahitaji mengine ya mtoto wa kidato cha kwanza havikufutwa. Kuanza kuweka shilingi 150,000 katika mwezi huo, ikiwa ni zaidi ya robo ya fedha unayobaki nayo, ni kujipangia kushindwa. Ningependa uigawe kalenda yako mara mbili: Januari uanze malengo yanayodai muda na maelewano, na Juni, mavuno yanapoanza kuingia, uanze yale yanayodai fedha nyingi.

Tuchukue nyumba, kwa sababu ndiyo iliyobeba uzito wa barua yako. Unajua mwenyewe kwamba hakuna anayefyatua tofali za kuchoma Tukuyu mwezi wa kwanza. Tofali mbichi hulazwa chini zikauke, hugeuzwa, hufunikwa kwa majani zisipasuke, kisha hupangwa tanuri na kuchomwa, na mvua moja kubwa katikati ya kazi hiyo huzirudisha kuwa udongo. Kwa hiyo lengo la kumalizia nyumba, likianza Januari, linakaa miezi mitano bila tendo lolote linaloonekana, na moyo unavunjika. Liandike upya hivi: kuinua kuta hadi usawa wa lenta kabla ya mvua za Novemba. Kazi ya Januari hadi Machi iwe kumwita fundi aupime msingi na kukupa idadi ya tofali, mifuko ya saruji, nondo na gharama ya ufundi, kisha wewe ujaze bei zake kutoka dukani na si za kukisia. Karatasi hiyo haina gharama kubwa, na ukiwa nayo utaacha kuiwaza nyumba kwa wasiwasi na kuanza kuihesabu.

Kuhusu akiba, iache Januari ipite bila kuweka chochote, bila kujilaumu. Kuanzia Februari weka shilingi 50,000, na uagize zikatwe kwenda SACCOS siku ileile mshahara unapoingia. Kufikia Juni utakuwa na shilingi 250,000 ambazo hukuzirudia, na hizo ni bora kuliko 150,000 inayowekwa tarehe 25 na kutolewa tarehe 10.

Hapa inabidi niseme jambo ambalo hukuliuliza. Daftari lako linaonekana limeandikwa na mkono mmoja, ilhali nyumba inayojengwa ni ya watu wawili na fedha kubwa ya mwaka iko shambani kwa mwenzako. Kaeni pamoja kabla ya palizi kwisha, mkubaliane ni gunia ngapi za mahindi zitauzwa kwa ajili ya tofali na ngapi zitabaki. Bei ya mahindi huwa chini sokoni wakati kila mtu anavuna na huelekea kupanda kadiri maghala yanavyopungua, kwa hiyo tengeni gunia mbili au tatu zikaushwe vizuri na kufungwa katika mifuko isiyopitisha hewa, ambayo huua wadudu wa nafaka kama dumuzi bila dawa, ziuzwe Januari ijayo kwa mahitaji ya shule tu. Mkifanya hilo peke yake, mwaka unaofuata hautaanza na njaa ya fedha kama huu. Mazungumzo ya namna hii ni magumu kuliko kuandika malengo, lakini sijaona familia ya mwajiriwa na mkulima iliyosonga mbele kwa utulivu bila kuyafanya.

Mkopo usiuguse wala usiuongeze. Sheria inataka theluthi moja ya mshahara ibaki baada ya makato, lakini usichukulie kwamba kila kinachoruhusiwa na sheria kinabebeka nyumbani. Uache uishe kwa ratiba yake. Kwa sababu hiyohiyo pikipiki ifute kabisa mwaka huu, maana bila shaka ingenunuliwa kwa mkopo mwingine, na wewe huna muda wa kumsimamia dereva.

Shahada usiifute, isipokuwa isogeze. Mwaka huu kamilisha mambo mawili tu: zungumza na mkuu wako wa shule na ofisi ya elimu kuhusu ruhusa ya masomo, na ufike kituo cha Chuo Kikuu Huria jijini Mbeya kuuliza sifa, gharama na namna mtumishi anavyosoma akiwa kazini. Parachichi nazo zinataka subira, kwa kuwa mche uliobebeshwa (uliounganishwa) huchukua takribani miaka mitatu kabla ya kuanza kuzaa vya maana. Miche 20 iliyotunzwa vizuri inakutosha kujifunzia. Suala la uzito ni la kutembea kwa miguu na kupunguza mafuta jikoni, halihitaji fedha, anza wiki hii.

Likizo ya Juni ikifika, lifungue daftari mbele ya mwenzako na mlipime upya.

Lengo lisilo mikononi mwangu

SWALI: Shikamoo Mshauri. Nina miaka 24, nilihitimu stashahada ya uhasibu Mbeya mwaka juzi, na kwa sasa ninafanya kibarua cha kupanga na kupakia mbao hapa Mafinga. Nilisoma kwamba lengo lazima liwe na tarehe, nikaandika: nitapata ajira serikalini kabla ya Juni. Wenzangu wananiambia najidanganya. Je, nikate tamaa? – Kijana, Mafinga.

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Usikate tamaa, ila sentensi yako ibadilishe, kwa kuwa umejitwisha tarehe ya uamuzi unaofanywa na watu wengine. Idadi ya nafasi zitakazotangazwa na idadi ya watakaoziomba haviko mikononi mwako, na Juni ikipita utajiona umeshindwa hata kama ulifanya kila ulichopaswa kufanya. Lengo lako liwe juu ya matendo yako: akaunti yako ya Ajira Portal, tovuti ya kuombea kazi serikalini, iwe imejazwa kikamilifu kabla ya mwisho wa Januari, nakala za vyeti zithibitishwe na wakili, kitambulisho cha NIDA na cheti cha kuzaliwa vifanane kwa majina herufi kwa herufi, na kila nafasi inayolingana na sifa zako iombwe mapema, kabla ya siku ya mwisho. Mitihani mikuu ya NBAA, bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, hufanyika Mei na Novemba. Uliza ngazi inayokufaa kwa stashahada yako, na ujipime kama unaweza kuanza na somo moja au mawili Novemba.

Lakini kilichonigusa zaidi katika barua yako ni mahali ulipo. Mafinga iko jirani na msitu wa Sao Hill, shamba kubwa la miti kuliko yote nchini, na mbao zinazopita mikononi mwako kila siku ni biashara halisi yenye hesabu halisi. Mwangalie tajiri wako anavyoweka kumbukumbu. Katika yadi nyingi za mbao mauzo huandikwa nyuma ya karatasi ya saruji au kwenye daftari lisilo na safu: mbili kwa nne vipande 60, moja kwa nane vipande 25, fulani atalipa Ijumaa. Mwombe kwa heshima akuruhusu, baada ya kazi, kumwekea daftari la mzigo ulioingia, uliouzwa kwa kila saizi, madeni ya wateja na gharama za usafiri, na kila mwisho wa mwezi umwandalie ukurasa mmoja unaoonyesha faida ilitoka wapi. Usianze kwa kudai nyongeza. Ukifika Juni utakuwa na hesabu za miezi kadhaa ulizozitengeneza mwenyewe, na msaili akikuuliza una uzoefu gani utakuwa na la kusema ambalo wengi waliokaa nyumbani wakisubiri tangazo hawatakuwa nalo. Inawezekana pia kwamba tajiri huyo, au jirani yake, ndiye atakayekuajiri.

Jambo la fedha kwako ni moja. Usaili unaweza kuitishwa Dodoma kwa taarifa ya siku chache, na wapo vijana wenye sifa wanaoukosa kwa sababu ya nauli. Piga hesabu ya nauli ya kwenda na kurudi pamoja na malazi ya usiku mbili, uitenge kidogo kidogo kutoka kwenye kibarua, na usiiguse kwa jambo lingine lolote.

Duka kwanza au deni kwanza?

SWALI: Kamwene Mshauri. Ninauza nyanya na vitunguu kando ya barabara kuu hapa Ilula. Nimeingia kwenye mikopo ya kausha damu, mmoja nilichukua 100,000 nirudishe 130,000 kwa mwezi, mwingine 200,000 nirudishe 250,000, na bado ninadaiwa na kikundi. Mwaka mpya ninataka kufungua duka la rejareja. Nianzie wapi? – Mama, Ilula.

JIBU: Kamwene mama, na pole kwa mzigo huo. Duka lisubiri. Riba ya shilingi 30,000 kwa laki moja ndani ya mwezi mmoja haiwezi kulipwa na faida ya nyanya, wala haitalipwa na faida ya duka changa. Benki Kuu ilipoweka masharti kwa wakopeshaji wadogo wasiopokea amana, ukomo wa riba ulikuwa asilimia 3.5 kwa mwezi, yaani shilingi 3,500 kwa laki moja. Anayekutoza zaidi mwombe akuonyeshe leseni yake, na usimwachie mkopeshaji yeyote kadi yako ya benki pamoja na namba ya siri, hata akikwambia ndiyo dhamana ya kawaida.

Lengo lako la mwaka liwe moja: kutodaiwa na mkopeshaji hata mmoja wa aina hiyo ifikapo Juni. Anza na ule wa 100,000, kwa kuwa una riba kubwa na ni mdogo, unaweza kuumaliza kwanza. Nenda ukazungumze na mkopeshaji ukiwa na shahidi, mkubaliane kwa maandishi kiasi kilichobaki na siku za kulipa, na kila unapolipa udai risiti. Kikundi usikikimbie, kwa sababu ndicho kitakachokufaa baadaye. Waeleze hali yako kabla hawajakufuata.

Wakati unalipa, fika kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu uulize kuhusu mikopo ya halmashauri inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo hutengwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu na haina riba. Hutolewa kwa vikundi vilivyosajiliwa, kwa hiyo uliza hasa kama kikundi chenu kina usajili, kama katiba yake inakubalika, na ni nyaraka gani zinazopungua.