Taarifa yako ikipelekwa kwa mshindani wako

Wiki iliyopita mthamini mmoja kijana aliniandikia kutoka Mwanza. Benki imechukua taarifa yake ya uthamini wa nyumba ya Nyegezi, ikampa mthamini wa kampuni nyingine aipitie, na huyo ameishusha thamani kwa karibu theluthi. "Kaka, huyu tunagombania wateja walewale. Nifanyeje?"

Mdogo wangu, yamenikuta. Nilithamini godauni moja la Vingunguti, Dar es Salaam, mwenyewe akitaka mkopo. Nilitumia kodi za pango za magodauni ya jirani, kwa sababu mnunuzi wa jengo kama lile anatazama kodi litakayomwingizia, hatazami mabati. Taarifa ikapelekwa kwa mwenzangu ambaye siku zote aliitamani nafasi yangu kwenye orodha ya wathamini wa benki ile. Akajibu kwamba thamani imezidi na njia haifai. Yeye alipiga gharama ya kujenga upya, akatoa uchakavu, basi. Mlinzi aliniambia hakuna mthamini aliyefika baada yangu. Jengo lilipimwa kwa picha ya satelaiti, na satelaiti inaona paa tu. Sakafu ya juu iliyo ndani, yenye ofisi na stoo zilizopangishwa, haikuingia kwenye hesabu zake hata shilingi.

Nilijibu kwa barua, nikaambatanisha picha na mikataba ya pango. Benki ikashika namba ya chini, maana namba ya chini haimkoseshi usingizi afisa mikopo. Nikaondolewa kwenye orodha bila maelezo. Mteja akaenda benki nyingine. Mthamini wao akaingia ndani, akahesabu kila chumba, na tofauti yake na yangu ikawa ndogo sana. Kazi yangu ilikuwa sahihi, na nalisema hili kifua mbele. Lakini yule mwenzangu tunakutana kwenye semina, tunasalimiana, na hajawahi kulitaja. Bado linaniuma.

Sipingi kupitiwa. Mganga hajigangi. Ninachokipinga ni mtu kupewa kalamu ya mwamuzi akaitumia kutafuta wateja. Viwango vya Kimataifa vya Uthamini vilivyoanza kutumika Januari 2025 vimetenganisha mapitio ya aina mbili: ya mchakato, ambapo anayepitia hatoi maoni juu ya thamani, na ya thamani yenyewe. Iulize benki kwa maandishi ilimwagiza yapi. Muulize kama alifika Nyegezi. Akileta bei za mikataba ya mauzo, muulize alizithibitisha vipi, kwani sote tunajua watu huandika bei pungufu ili kupunguza kodi ya serikali. Wewe weka daftari: dalali gani alikwambia nini, lini, kiwanja kipi, mita za mraba ngapi. Daftari hilo ndilo litakalokutetea ukifika mbele ya Bodi ya Usajili wa Wathamini, iliyoundwa na sheria ya 2016.

Usimjibu kwa hasira, na usishushe ada ili kumkomoa. Ada ikishuka, ziara ya kukagua jengo ndiyo inayokatwa kwanza, na hapo nawe utaanza kupima mapaa kwa satelaiti.

Na siku benki ikikuletea taarifa yake uipitie, nenda kwenye jengo. Omba ruhusa ya benki umuulize maswali kabla hujaandika, na majibu yake uyaweke kwenye mapitio yako kama alivyoyasema.