Jibu: Mkulima wa nyika za Kanada na kazi ya uhunzi

Ndugu, umeuliza kwa nini wakulima wengine wa nyika za Kanada, zama za walowezi, walikuwa wahunzi pia. Sheria ya ardhi ya Kanada ya 1872 ilimpa mtu ekari 160 kwa ada ya dola 10 tu, lakini shamba jipya halilipi mapema. Mwenye fuawe, lile pande la chuma la kufulia vyuma, alipata hela kwa majirani kwa kuwatengenezea zana.

Kazi kubwa masika ilikuwa kunoa bapa la plau, lile la chini linalokata udongo. Mizizi ya nyasi za nyika imesukana kama mkeka, bapa linabutuka upesi. Tupa haisaidii sana. Unapasha ukingo inchi mbili tatu kwa mara hadi uwe mwekundu, unaufua mpaka uwe mwembamba, unasogea mbele. Chuma kikirusha cheche kimeshaungua, basi tena.

Penye utata ni ncha ya bapa. Lazima ielekee chini kidogo. Weka ubao ulionyooka chini ya plau: mwanya wa katikati usizidi robo inchi. Ncha ikinyooka, plau inaelea juu ya nyasi. Ikizidi kuinama inajichimbia, na ng'ombe wanaishiwa pumzi kabla ya saa nne. Lawama kwa mhunzi, bila shaka.