Mwanza siitaki kuiacha, mjomba ananiita Dar

SWALI: Shikamoo Anti. Mimi binti wa miaka 24, nasoma uhasibu mwaka wa tatu hapa Mwanza, nimebakiza UE tu, mitihani ya mwisho ya chuo, nimalize. Kwetu ni Newala. Wa kule wananielewa, kiangazi mama alikuwa anaamka saa 9 usiku kuwahi foleni ya maji bombani, sasa mtu umetoka huko afu unafika mahali unafungua dirisha unaliona ziwa lote lile limetulia, yani siku ya kwanza nilikaa kwenye mawe nikaliangalia tu mpaka njaa ikaniuma. Sasa hivi nishakuwa mwenyeji kabisa. Mama anayeniuzia vitumbua nikimsalimia Kisukuma "mwangaluka" ananiongezea kimoja, Jumamosi tunaenda Kirumba Mwaloni kula sato, hata ile harufu ya dagaa wanaoanikwa siisikii tena.

Tatizo ni mjomba wangu wa Mbagala. Mwezi uliopita alinitafutia intavyuu kwenye kampuni moja Dar, mambo ya stoo na mahesabu, na nauli akanitumia. Sikwenda. Nikamwambia naumwa malaria, nauli nikaongezea kwenye kodi ya chumba. Mama naye kila siku ni simu, nikimaliza niende kwa mjomba, na mimi naona nikiondoka hapa ndio basi tena sirudi. Nimepeleka sivii kama ofisi 15 hapa mjini, mabenki karibu yote, kimya. Nikomae au nikubali yaishe? – Binti wa Nyegezi

JIBU: Marahaba mwanangu. Hayo ya ziwa subiri kwanza, tuanze na malaria, maana hapo umeniudhi. Mjomba hakukupa kazi ya kwake, ameenda kumuomba mtu, kwahiyo usipotokea anayeonekana muongo pale ni yeye, na mdogo wako akimaliza shule ni mjomba huyohuyo atatakiwa akaombe tena. Afu nauli ya watu umelipia kodi!

Haya, sasa Mwanza. Siwezi kukucheka kwa sababu mimi mwenyewe nilimaliza chuo Morogoro nikagoma kuondoka, nilikuwa na chumba ukifungua mlango unaiona Uluguru yote mpaka juu kwenye mawingu, nikajiambia mimi hapa ndio nimefika. Wenzangu wakabeba mabegi, na ndani ya wiki mbili kile kibanda cha chipsi tulichokuwa tunajazana watu kumi kila usiku tumebaki mimi na muuzaji, ananiuliza "dada, kwani nyie hamjafunga chuo?" Milima ilikuwa palepale. Niliowapenda ndio walikuwa wamepanda basi. Nikakaa mpaka Septemba kwa ubishi tu, nikaondoka nalia.

Wewe lakini naona una kitu ambacho mimi sikuwa nacho, huyo mama wa vitumbua. Yeye hamalizi chuo. Ila kumbuka Mwanza unayoijua ni ya bumu, ile hela ya mkopo wa chuo, kama una mkopo ile elfu 10 ya siku ya kula na kulala inakatika mara tu ukimaliza. Kaa hapo Agosti nzima kwa hela yako, mwenye nyumba akitaka miezi sita kwa mkupuo umjibu mwenyewe, afu uniambie kama ziwa bado lina uzuri uleule. Kama bado, basi mji umeupenda kweli na nitakuwa upande wako hata mama akinipigia mimi.

Ila kazi unazitafuta vibaya. Mabenki kila mhitimu anapeleka hukohuko. Mbona Geita kwenye migodi ya dhahabu hujaitaja kabisa? Zamani ningekuelewa, ukifika kivukoni Kigongo unapanga foleni hujui utavuka saa ngapi, lakini tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa na unavuka ukiwa umekaa kwenye basi lako. Migodi tangu zile kanuni za 2018 inabanwa inunue bidhaa na huduma kwa Watanzania, kwahiyo kuna watu wanapeleka chakula, sare, vipuri, magari, na wengi wao risiti wanaziweka kwenye mfuko wa rambo. Hao ndio wanaohitaji mhasibu! Hata hapo mjini nenda kwenye zile ofisi ndogo za wahasibu zinazohudumia maduka, usiache sivii mapokezi, ingia katikati ya mwezi, maana ritani ya VAT, yale mahesabu ya kodi ya kila mwezi, mwisho tarehe 20 na wiki hiyo wanahangaika kama kuku anayetaka kutaga, mtu wa kuingiza risiti kwenye kompyuta hawamfukuzi. Malipo ya mwanzo yatakuwa ya nauli na chai, nisikudanganye. Na mitihani ya bodi ya wahasibu, NBAA, ile ya kupata CPA, ni Mei na Novemba, anza kujipanga, CPA haiulizi unaishi wapi.

Kuhusu Dar sikuambii uhamie, nakuambia uombe. Ajira Portal nayo, ule mtandao wa kuombea kazi za serikali, omba zote, wakikuita Dodoma nenda, wakikupangia Sumbawanga tutaongea wakati huo. Kazi ya kwanza watu wanakaa miaka miwili wanahama, na mtu mwenye uzoefu anarudi Mwanza kirahisi kuliko anavyobaki bila kitu. Mimi ningejipa mpaka Desemba, na huo mwezi ningemtajia mama, kwa sababu kinachomtia presha ni kwamba hajui unasubiri nini. Marejesho ya mkopo usiyatumie kama kisingizio cha kukimbilia kazi yoyote, una miezi 24 baada ya kumaliza kabla hujaanza kudaiwa, na ukiajiriwa ndio wanakata asilimia 15 ya mshahara.

Lakini yote hayo ni baada ya kumpigia mjomba. Usimtumie meseji, piga, na salio kama huna kopa. Mwambie hukuwa na malaria, mwambie nauli ilikwenda wapi na utairudisha lini, akifoka mwache afoke mpaka amalize. Afu muulize yule mtu wa ile kampuni anaitwa nani, ili na yeye umuombe radhi mwenyewe.