Kisogo cha mtoto kimebonyea: avishwe kofia ya kurekebisha kichwa au asubiriwe?

SWALI

Ndugu mwandishi wa safu ya afya ya mtoto, nakusalimu kwa heshima. Mwanangu wa kiume ametimiza miezi mitano na nusu. Tangu alipokuwa na miezi miwili tuliona kisogo chake kimebonyea upande wa kulia, na sasa ukimtazama kutoka juu unaona hata sikio la upande huo limesogea mbele kidogo. Daktari alimpima kichwa kwa mshazari, akapata milimita 138 upande mmoja na milimita 127 upande mwingine, akasema hali yake ni ya wastani. Ametupa wiki mbili tuamue kama tunataka avishwe kofia ngumu ya kurekebisha kichwa, ambayo ataivaa usiku na mchana. Mume wangu anasema tusimtese mtoto kwa jambo litakaloisha lenyewe. Mama mkwe wangu ametuletea mto wenye tundu katikati. Mimi sipati usingizi, kwa sababu kila nilipomlaza aligeukia kulia nami nikamwacha hivyo hivyo, na ninaona kuwa mimi ndiye niliyemharibu kichwa. Naogopa pia kwamba ubongo wake unabanwa. Tufanye nini?

Mama wa kifungua mimba

JIBU

Mama mpendwa, nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na jambo lililonishughulisha zaidi ni lile ulilolitaja kwa kujilaumu tu, kwamba kila ukimlaza anageukia kulia. Kabla hamjazungumza lolote kuhusu kofia, naomba shingo yake ichunguzwe na mtaalamu wa viungo anayehudumia watoto wachanga. Watoto wengi wenye kisogo kilichobonyea upande mmoja wana msuli wa shingo uliokaza, na anayegeukia kulia daima mara nyingi huwa amekaza msuli wa upande wa kushoto, ambao huvuta kichwa kiinamie bega la kushoto huku ukielekeza uso kulia. Mtoto wa namna hiyo hachagui upande. Kugeukia upande wa pili humpa tabu. Ikiwa ndivyo ilivyo kwa mwanao, hata kofia nzuri kuliko zote itakuwa inapambana na matokeo huku chanzo kimeachwa, na siku itakapovuliwa atarudi kulalia pale pale. Mazoezi ya kunyoosha shingo ni mepesi, mzazi hufundishwa akayafanya nyumbani kila siku, na yanahitajika mkichagua kofia au msipoichagua.

Jambo la pili ambalo daktari anapaswa kuwahakikishia waziwazi ni kwamba maungio ya mifupa ya fuvu hayajafunga kabla ya wakati. Kasoro hiyo ni adimu, hutokea kwa takriban mtoto 1 kati ya 2,000 hadi 2,500, lakini tiba yake kwa kawaida huhitaji upasuaji, na kofia peke yake haiwezi kuwa mbadala. Maelezo yako yananipa matumaini. Kichwa kilichobonyezwa na ulalaji kikitazamwa kutoka juu huwa na umbo la msambamba, maana upande uliobonyea husukuma sikio na paji la uso mbele kwa pamoja, kama ulivyoona kwa mwanao. Pale ambapo ungio la nyuma la fuvu ndilo lililofunga, kwa kawaida sikio huvutwa nyuma na chini, na mara nyingi kidole huhisi tuta gumu kwenye mstari wa ungio hilo. Hata hivyo barua haiwezi kuchukua nafasi ya mkono wa daktari. Mwombe apapase utosi na maungio yote, na akwambie alichokiona.

Sasa hofu yako ya ubongo. Kubonyea kunakotokana na ulalaji hakuubani ubongo. Fuvu la mtoto mchanga ni mifupa laini ambayo bado haijaungana, nayo husukumwa na ubongo unaokua. Mahali ambapo kitanda kinazuia, fuvu hupanuka kwingine, na nafasi ya ndani haipungui. Ni kweli kwamba watafiti wamekuta baadhi ya watoto wenye visogo bapa wanachelewa kidogo katika kukaa, kutambaa na hatua nyinginezo, lakini maelezo yenye uzito zaidi ni kwamba mtoto asiyejigeuza sana hulala mahali pamoja kwa muda mrefu, na hapo ndipo kichwa hubonyea. Kwa hiyo ukuaji wake ufuatiliwe, na kofia isichukuliwe kuwa dawa ya akili. Kazi yake ni umbo peke yake.

Kuhusu lawama unayojitwisha, ulimlaza chali kwa sababu uliambiwa umlaze chali, na uliambiwa ukweli. Madaktari wa watoto wa Marekani walitoa ushauri huo mwaka 1992, na katika miaka iliyofuata vifo vya ghafla vya watoto wachanga usingizini vilipungua nchini humo kwa zaidi ya nusu. Visogo bapa viliongezeka wakati huo huo, na mimi binafsi sioni mzazi ambaye angekataa mabadilishano hayo. Katika utafiti uliofanywa Calgary, Kanada, na kuchapishwa mwaka 2013, asilimia 46.6 ya watoto 440 wa umri wa wiki 7 hadi 12 walikutwa na kiasi fulani cha kubonyea, wengi wao kidogo tu. Karibu nusu ya watoto hawawezi kuwa wote wana mama wazembe.

Mumeo naye ana hoja, ingawa haimalizi shauri. Watafiti wa New Zealand waliowafuatilia watoto tangu kuzaliwa walikuta asilimia 19.7 wana kasoro ya umbo wakiwa na miezi 4, na asilimia 3.3 tu walipofikisha miaka 2. Zaidi ya hapo, mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Uholanzi ambalo watoto 84 wa miezi 5 hadi 6, wenye kubonyea kwa wastani hadi kukubwa, waligawanywa kwa bahati nasibu: nusu walivishwa kofia, nusu wakaachwa. Walipofika miaka miwili makundi hayo hayakutofautiana kwa kiasi chenye maana. Waliopona kabisa walikuwa asilimia 26 kwa waliovaa na 23 kwa wasiovaa. Ni hoja nzito, na ni mojawapo ya sababu ambazo zimewafanya madaktari wengi wa Uingereza wasiipendekeze kofia.

Lakini jaribio hilo lisomwe kwa ukamilifu. Watoto wenye hali mbaya kupindukia hawakuingizwa, wala wale wenye msuli wa shingo uliokaza, na wengi wa waliovishwa walikuwa na kofia zilizohama au kuzunguka kichwani, jambo ambalo kwa mtaalamu makini lingerekebishwa mapema. Mwongozo wa madaktari wapasuaji wa ubongo wa Marekani wa mwaka 2016 ulifuata njia nyingine: kofia inapendekezwa kwa mtoto ambaye hali yake ni ya wastani au kubwa na imebaki hivyo baada ya muda wa kumbadilisha mikao na kumfanyisha mazoezi. Mimi naegemea hapo, na ninakazia yale maneno ya mwisho, kwa sababu katika barua yako sioni kwamba muda huo umewahi kutolewa.

Tofauti ya milimita 11 mliyopimiwa ni karibu asilimia 8 ya urefu wa mshazari mrefu. Katika kipimo kimojawapo kinachotumiwa sana, chini ya asilimia 3.5 huhesabiwa kuwa kawaida, zaidi ya 8.75 ni kubwa, na zaidi ya 11 ni kubwa mno. Mwanao yuko katikati, pale ambapo wazazi wawili wenye busara wanaweza kuamua tofauti na wote wakawa sawa. Kama ningekuwa nimeketi nanyi, ningesema hivi: ombeni wiki nne badala ya mbili, anzeni mazoezi ya shingo wiki hii, kisha apimwe upya na mtu yule yule kwa kifaa kile kile. Ikiwa tofauti imeshuka, endeleeni bila kofia na apimwe tena mwezi unaofuata. Ikiwa imebaki palepale au imeongezeka, atakuwa na miezi sita na nusu, na bado hamtakuwa mmechelewa. Kama kipimo cha leo kingekuwa asilimia 11 au 12, nisingewashauri kungoja.

Umri una uzito kwa sababu kofia haifinyangi kichwa kwa kukibana. Hugusa sehemu zilizochomoza na kuacha nafasi pale palipobonyea, kisha kichwa kinapokua hujaza nafasi hiyo. Bila ukuaji hakuna kazi. Katika miezi mitatu ya kwanza mzunguko wa kichwa huongezeka karibu sentimita 2 kwa mwezi, baadaye sentimita 1, na kuanzia miezi sita takriban nusu sentimita tu.

Katika wiki hizo nne mikao ibadilishwe kwa bidii. Usingizini abaki chali, hilo halina mjadala. Akiwa macho alale kifudifudi mara nyingi iwezekanavyo, hata juu ya kifua chako kama sakafuni analia, na asiachwe peke yake. Mgeuze upande wa kitanda ili mlango na sauti zenu viwe kushoto kwake. Mbebe na kumlisha kwa namna itakayomlazimu kutazama huko. Na asikae katika kiti cha gari wakati hayuko safarini. Ni kazi ya siku nzima, na inafaa baba aifanye pia, kwa kuwa ndiye anayetaka kusubiri.

Mkiamua kofia, jueni mnachokikubali. Itavaliwa saa 23 kwa siku, kwa kawaida miezi mitatu hadi minne na wakati mwingine zaidi, na kuvuliwa wakati wa kuoga na kuisafisha tu. Mtaalamu ataichonga ndani kila baada ya wiki moja au mbili kadiri kichwa kinavyokua. Kutakuwa na jasho, harufu na ngozi kuwasha, hasa siku za kwanza. Wekundu usiotoweka ndani ya saa moja baada ya kuivua ni sababu ya kumpigia mtaalamu siku hiyo hiyo. Watoto wengi huizoea ndani ya wiki, mara nyingi kabla ya wazazi wao.

Mto wenye tundu usitumike kabisa. Mtoto mchanga hapaswi kuwa na mto wowote anapolala kwa sababu unaweza kumziba pumzi, na mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo mwaka 2022 dhidi ya mito ya kurekebisha kichwa hasa. Mshukuru mama mkwe kwa upendo wake, mweleze sababu, na umwombe badala yake amlaze mjukuu kifudifudi kifuani pake kila anapokuja.

SWALI

Binti yangu ana miezi 14, anatembea, na kisogo chake bado ni bapa kidogo upande mmoja. Je, tumechelewa kumvisha kofia? Baba wa binti

JIBU

Ndugu yangu, kwa kofia, ndiyo. Baada ya mwaka wa kwanza ukuaji wa fuvu hupungua mno kiasi kwamba faida huwa ndogo, na mtoto wa umri huo huivua kila anapoifikia. Kubonyea kidogo kutaendelea kupungua, na nywele zitafunika kinachobaki. Kuna jambo moja la kuangalia. Mtoto anayetembea halalii tena kisogo kutwa, kwa hiyo umbo lake lisizidi kuwa baya. Mpige picha kutoka juu nywele zikiwa zimelowa, urudie baada ya miezi miwili, na ukiona tofauti imeongezeka, mpeleke kwa daktari na picha zote mbili.