Ukiitwa mbele ya kamati ya bunge, uwe unajua unataka nini

Mara ya kwanza naitwa mbele ya kamati ya kudumu ya bunge nilibeba kurasa 19 kuhusu mahabusu waliokaa ndani miaka bila kesi zao kusikilizwa, nikasoma weee, wengine wanachezea simu, kufika ukurasa wa saba mwenyekiti akanikatiza kwa upole tu, "Tumekusikia, sasa unataka kamati ifanye nini?" Nikabaki natoa macho. Mi nilijua kazi yangu ni kueleza uchungu, mengine waheshimiwa watajua wenyewe.

Kamati sio mahakama jamani. Haimfungi mtu, haitoi fidia. Inachofanya ni kumwita waziri na watendaji wake, kudai nyaraka, kuchambua muswada kifungu kwa kifungu, kupitia bajeti ya wizara, halafu inaandika ripoti na mapendekezo inapeleka bungeni. Ila isidharauliwe, maana kwa mfano Kenya, Ibara ya 125 ya Katiba ya 2010 inaipa kamati nguvu kama za Mahakama Kuu za kuita mashahidi na kulazimisha nyaraka ziletwe. Kwa hiyo ukienda pale usiombe "haki itendeke", hiyo kila mtu anaitikia kwa kichwa na inaishia hapo. Omba hivi: mkuu wa magereza alete idadi ya mahabusu waliopitisha mwaka mmoja, gereza kwa gereza. Hilo linafanyika hata kesho.

Na ujue unabisha hodi wapi. Uingereza wana kamati ya pamoja ya haki za binadamu tangu 2001, wajumbe wanatoka mabunge yote mawili, lakini sehemu nyingi haki za binadamu zimewekwa kwenye kamati ya katiba na sheria, zinagombania muda na miswada kibao. Sisi tulihangaika huko miezi kadhaa, kumbe nusu ya tatizo letu ilikuwa magari: mahabusu hawafikishwi mahakamani kwa sababu hakuna mafuta! Hiyo ni ishu ya bajeti, tukahamia kamati inayosimamia magereza na ndo mambo yakaanza kwenda.

Katibu wa kamati naye muhimu sana, tena nathubutu kusema kuliko mwenyekiti. Yeye ndo anapanga ratiba, anawafupishia wajumbe makaratasi, na rasimu ya ripoti mara nyingi inaanzia mezani kwake. Wa kwetu alinambia lete kurasa mbili, kila aya iwe na namba, maombi matatu basi, viambatisho nyuma. Kama kuna pendekezo ambalo serikali yenyewe ilishalikubali Geneva kwenye ule mchakato wa Umoja wa Mataifa ambao kila nchi inapitiwa rekodi yake ya haki za binadamu, chapisha ule ukurasa uuweke juu kabisa. Waziri atapata shida kuikana ahadi yake mwenyewe.

Kesi ikiwa tayari mahakamani usimtaje mtu mmoja mmoja, watakwambia mikono imefungwa, ongelea mfumo. Na kama unampeleka shahidi aliyeumizwa, omba kikao cha faragha mapema kwa maandishi, usisubiri mpaka amekaa kwenye kiti waandishi wamejaa. Kingine, unachosema mbele ya kamati kwa kawaida kina kinga, yaani hushtakiwi kwa hicho, ila ukitoka nje ukakirudia kwenye maiki, kinga inaweza isikufuate. Muulize mwanasheria kwanza.

Ripoti ikishasomwa watu wanapiga picha wanaondoka, na huko ndiko mapendekezo yanakofia. Uingereza serikali inatarajiwa kujibu ndani ya miezi miwili, Kenya kamati iliyopewa ombi la wananchi inawekewa idadi ya siku za kulijibu. Angalia kanuni za bunge lenu zinasemaje, andika tarehe kwenye kalenda, ikifika tuma barua ya mistari miwili.

Mara ya pili nimeingia nilitumia dakika 11. Orodha ya mahabusu ikaja kweli, imechelewa lakini ikaja, na idadi ilikuwa kubwa kuliko tuliyoandika sisi, yaani tulikuwa tunaogopa kuonekana tunatia chumvi! Ila nimeipitia mara mbili, kuna gereza moja halimo. Katibu nimeshamwandikia.