Wapita-saa ni watu gani?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi kompyuta hapa Mwanza, na siku hizi naandika kwa Kiswahili kuhusu vifaa ninavyovipima. Juzi niliandika hivi kuhusu ASUS ROG Maximus Z790 Apex, ile bodi kuu ya kompyuta inayobeba vifaa vingine vyote (kwa Kiingereza motherboard): “Haya ni mapitio ya ubao mama wa mwisho wa juu kwa washabiki na wapita-saa. Unaunga mkono ramu za DDR5 na unakuja na hatua 24 za nguvu.” Wenzangu walicheka mpaka basi. Nimekosea wapi? Na tuseme ubao mama, bodi mama au mazabodi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ngeli zako zimekaa sawa na vitenzi vimenyooka. Waliocheka wamecheka kwa sababu kila neno ulilotumia tayari lina kazi nyingine mjini, nawe umelivuta mkono likiwa kazini.

Tuanze na hao wapita-saa, ambao kwa Kiingereza ni overclockers. Kwa Kiswahili saa ikipita, mtu kachelewa: dawa imepitwa na saa yake, basi limeondoka. Msomaji atadhani kompyuta hiyo ni ya watu wasiofika kazini kwa wakati. Najua ungeweza kuandika “kuzidisha saa”, lakini hapo tunaangukia kwenye saa za ziada, na mwajiri atatakiwa kulipa. Hiyo saa iliyomo ndani ya kompyuta haimwambii mtu wakati. Ni mapigo, kama ya moyo au ya ngoma, na gigahezi 1 ni mapigo bilioni moja kwa sekunde. Anachofanya mtu wako ni kuyataka mapigo yaende mbio kuliko kiwanda kilivyopanga.

Kitenzi cha jambo hilo tunacho jikoni. Moto ukififia tunaukoleza. Chumvi hukolezwa, rangi hukolezwa, mpiga ngoma naye huambiwa akoleze. Kwa hiyo mimi ningesema kukoleza kasi, na anayefanya hivyo ni mkoleza kasi. Angalia irabu ya mwisho: neno likifuatwa na kitu kinachotendwa, tunabaki na -a, kama mpiga ngoma, mla nyama, msema kweli. Akisimama peke yake ni mkolezaji. Kuna aliyenipendekezea “kuchochea prosesa”, yaani ule ubongo wa kompyuta. Kwa maana linafaa, ila watendaji wake ni wachochezi, na neno hilo linajulikana zaidi mahakamani.

Sasa bodi. Niliwahi kupeleka kompyuta yangu kwa fundi mmoja pale Kariakoo. Akaifungua, akaigusagusa kwa bisibisi, akatikisa kichwa: “Mzee, maza ya hii imekufa.” Nyuma yangu alikaa mama mmoja akisubiri simu yake. Akanigeukia kwa huruma: “Pole sana, baba. Alikuwa anaumwa?” Mazabodi ni neno halisi la mafundi na sitalifukuza, limepata nguvu kwa sababu vijana walikuwa wameshamwita mama yao maza. Ukizungumza na mteja dukani, litumie. Kwenye maandishi ya watu wa rika zote ningelipumzisha.

Ubao mama nao unakubalika ukiwa mmoja. Mtu asiseme ubao lazima uwe wa mti, maana ubao wa matokeo uwanjani hauna hata kipande cha mti. Shida inakuja kwenye wingi. Fundi mwenye ubao mama mmoja leo, kesho ana mbao mama mbili, na hapo seremala ameingia mlangoni na futi yake. “Nimeagiza mbao kumi kutoka Dubai.” Za kupaulia nyumba?

Nabaki na bodi mama, wingi bodi mama: bodi mama hii, bodi mama hizi. Huyo mama wa pili hatupi taabu, tumeshamzoea katika lugha mama, kampuni mama na sheria mama, na upatanisho siku zote unafuata nomino ya kwanza. Hatusemi “kampuni mama amefilisika”. Kweli, bodi nayo ina ndugu wengi: kuna bodi ya wakurugenzi, na kuna bodi la gari analolinyoosha fundi wa gereji. Lakini la gari lina mabodi yake katika ngeli ya li-/ya-, na ya wakurugenzi huifungui kwa bisibisi. Muktadha unatosha kuwatenganisha.

“Mapitio” liache. Mtu hupitia rasimu, hupitia hesabu. Uhakiki tumewaachia riwaya na mashairi, na ukaguzi una harufu ya ofisi ya serikali. Kazi yako ni tathmini, neno lenye mzizi mmoja na thamani.

Kwenye “unaunga mkono ramu za DDR5” hapo nilicheka na mimi. Wabunge huunga mkono hoja. Bodi inapokea ramu (kumbukumbu ya muda ya kompyuta, na DDR5 ni kizazi chake cha tano), au inakubali ramu, basi. Na “unakuja na” inafaa kwa mgeni aliyekuja na zawadi. Bodi ina kitu, au imefungwa kitu.

Hatua za nguvu zinataka maelezo zaidi, kwa kuwa hapo ndipo bodi hii inapojitenga na za kawaida. Umeme unaingia kwenye bodi ukiwa volti 12, ilhali prosesa inataka volti moja na ushei. Vile vidude 24 vilivyojipanga kuizunguka soketi inamokaa prosesa vinaushusha, vikigawana mzigo. Prosesa ikila wati 250 kwa volti 1.25, inavuta ampea 200, kwa hiyo si mzigo wa kidude kimoja. Tunasema kipaza sauti, kizima moto, kifungua kinywa. Basi na hivi viwe vishusha volti. Andika: “ina vishusha volti 24, kila kimoja chenye uwezo wa ampea 105.” Umeona nimetanguliza ampea? Kiswahili kinasema kilo mbili, shilingi 500. Gigahezi 6 pia ifuate foleni hiyo.

Halafu kuna jambo ambalo rasimu yako imeliruka, nami kama msomaji ningelitaka kabla ya yote. Bodi ghali namna hii ina nafasi mbili tu za ramu, wakati nyingi za bei nafuu zina nne. Asiyejua ataona amepunjwa. Mueleze kwamba njia za umeme zinazokwenda kwenye ramu zikiwa fupi, na kusiwe na nafasi tupu ya kurudisha mwangwi wa ishara za umeme, ramu hukubali kukolezwa zaidi. Mwangwi ni neno zuri hapo, litumie.

“Wa mwisho wa juu” sema ya kiwango cha juu. Kuhusu washabiki, sina ugomvi nao, ila mshabiki anaweza kukaa jukwaani miaka ishirini bila kugusa mpira. Wako ni watu wa kumwaga naitrojeni ya kimiminika juu ya prosesa kuipoza, nyuzi 196 chini ya sifuri, ili wapate mapigo kidogo zaidi. Mwaka 2023 bodi ya ukoo huo, Apex Encore, ilibeba prosesa ya Intel, Core i9-14900KF, mpaka ikavuka gigahezi 9, tena kwa heliamu ya kimiminika, baridi kuliko naitrojeni; kwa mipango ya kiwanda prosesa hiyo kilele chake ni gigahezi 6. Mtu wa namna hiyo Kiswahili kinamwita mkereketwa. Tumelizoea kwenye vyama vya siasa, lakini asili yake ni kukereketa, ule muwasho wa kooni usiomwacha mtu akatulia.

Nikikuandikia upya, itakuwa hivi:

“Hii ni tathmini ya bodi mama ya kiwango cha juu, iliyotengenezwa kwa ajili ya wakereketwa na wakoleza kasi. Inapokea ramu za DDR5 katika nafasi mbili tu, na sababu nitaieleza. Ina vishusha volti 24, kila kimoja chenye uwezo wa ampea 105.”

Na bei hukuiandika. Ukishaliita andiko lako tathmini, msomaji ataitafuta.