Kuku shingo imepinda, nimpe nini?

SWALI: Shikamoo dokta. Tetea wangu kazubaa toka juzi, mbawa kashusha, anaharisha kijani na leo shingo imeanza kujipinda, jirani kasema nimpe maji ya pilipili. Nifanyeje? Mama Wawili, Tabata

JIBU: Marahaba mama. Kwa dalili hizo mi nawaza mdondo, wengine mnaita kideri, na huo hauna dawa, pilipili utamtesa bure tu. Mtenge sasa hivi, akifa mfukie shimo refu, usitupe jalalani mbwa wakaja kumburuta mtaa mzima, na hao wengine usikimbilie kuwauza ukasambaza ugonjwa. Muite afisa mifugo wa kata awaangalie wazima kwa ajili ya chanjo ya I-2, ni tone moja jichoni, inarudiwa kila miezi 3, ila aliyeshaumwa haimsaidii.